Vipepeo Waliowahi

Sauti ambayo mpaka leo nikifumba macho naisikia ni ya kapu la mbegu likishushwa kutoka kwenye kamba yake juu ya mafiga. Mpunga mkavu unahama upande mmoja kwenda mwingine ndani ya ukindu, chwaaa, halafu kimya, halafu chwaa ndogo ya mwisho kapu linapotua chini. Mtu ambaye hakukulia jikoni kwetu asingegeuza hata kichwa. Mimi nilikuwa nje nasugua sufuria kwa mchanga, nikasimama wima na masizi yangu mikononi, kwa sababu sauti ile tunaisikia mara moja tu kwa mwaka, na siku yake ilikuwa bado mbali.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa amepiga magoti, anapuliza vumbi la moshi lililoganda kwenye mfuniko.

"Mama, kuna nini?"

"Wamepita," akasema, bila kuinua uso. "Nimewaona bombani asubuhi hii. Weupe, wengi."

"Vipepeo?"

"Hapana, maaskofu. Vipepeo ndiyo, nani mwingine?"

Nyumbani kwetu ni upande wa Matema, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na mchanga wa ziwa kuanza, na milima ya Ukinga imetusimamia kwa nyuma kama ukuta. Majirani wengi husia mpunga kwa kuangalia mawingu, au kwa kusikiliza redio, au kwa kuona fulani amesia. Nyumba yetu husia kwa vipepeo. Bibi alimwachia mama desturi hiyo pamoja na mbegu. Mvua za kwanza zikikaribia, vipepeo weupe wenye ukijani wa mbali hutoka upande wa ziwa, wakavuka mashamba yetu na kuelekea Rungwe, mchana kutwa, na kesho yake tena. Siku hiyo mama huchukua kapu, huenda shambani, hutafuna punje moja ya mbegu, halafu hutupa konzi ya kwanza kule wanakoelekea. Konzi hiyo ni ya mwenye nyumba peke yake. Baada ya hapo ndipo sisi wengine tunaruhusiwa kutia mkono. Mvua haikawii kufuata.

Redio nayo mama anaisikiliza, sikatai. Ila huwa anasema redio inatabiri mkoa mzima, na vipepeo wanapita kwenye shamba letu.

Shida ni kwamba ulikuwa mwezi wa tisa. Maembe yalikuwa bado madogo kama ncha ya kidole gumba. Udongo wa shambani ulikuwa umepasuka nyufa ambazo kuku akiingiza mguu anautoa kwa hesabu. Kuona vipepeo weupe kundi zima mwezi ule ilikuwa sawa na kuona wageni wa Krismasi wanabisha hodi huku hata mahindi hujayatwanga.

Na mbegu yenyewe haikuwa ya kuchezea. Ni mpunga wa zamani, wa punje ndefu zenye ndevu, ule ukiupika jirani wa nyumba ya tatu anajua leo mnakula nini. Sisi tunauita mpunga wa ndevu tu. Dukani hauuzwi. Msimu uliotangulia tulichelewa kusia kwa sababu tulikuwa kwenye matanga Busale, na vipepeo walipita tukiwa huko. Tuliporudi tukasia haraka haraka, lakini mto ulipofurika uliukuta mpunga wetu bado mfupi, ukaulaza wote kwenye tope. Tulichookoa kilijaza kapu lile moja. Baba hatunaye siku nyingi, dada yangu ameolewa Kasumulu, nyumbani tulikuwa mimi na mama na kapu. Kapu likiharibika, mpunga wa bibi ndio umekwisha duniani, labda ubaki kwenye hadithi zangu.

Kwa hiyo nilimwelewa mama. Kuchelewa kulishamuumiza mara moja, hakutaka kuumizwa nako tena. Lakini nilielewa pia kwamba mbegu ikilala kwenye udongo mkavu, panya na tetere hawana subira kama sisi.

"Mama, ni mapema mno," nikasema.

"Vipepeo hawana kalenda ukutani."

"Na kama siyo wenyewe?"

Hapo akaniangalia. "Siyo wenyewe kivipi? Kipepeo ana kitambulisho?"

Mimi shule niliishia darasa la saba, na kuhusu vipepeo nilichofundishwa ni kuwachora. Lakini tangu mdogo nina tabia ya kuwaza vitu visivyo na faida. Wale vipepeo wa kila mwaka nilikuwa nawawazia kama wasafiri kweli, wana mizigo yao midogo, wana mama anayewaambia wasiachane njiani. Nilikuwa nawajua sura, kama unavyomjua mtu anayepita mbele ya nyumba yenu kila msimu. Na hawa wa bombani, nilipokwenda mwenyewe kuwatazama siku ile ile, kuna kitu kilinikataa moyoni.

"Nipe mpaka gulio la Lyulilo," nikamwambia mama jioni, tunakula. "Ng'ombe wa baba mdogo wenyewe hawajamaliza kulima. Wakati wanalima, mimi nawapeleleza."

"Unampeleleza nani?"

"Vipepeo."

Mama alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Gwe! Wenzako wanapelelezwa na wachumba, wewe unapeleleza wadudu." Halafu akatazama kapu. "Mpaka gulio. Likiisha gulio, nasia."

Nikaanza kazi. Asubuhi nikimaliza kufagia na kuchota maji, nakaa karibu na bomba, pale maji yanapomwagika na kufanya tope. Vipepeo walikuwa wanashuka hapo kunywa, wamekunja mabawa, wamesimama kama vipande vya karatasi vilivyochomekwa ardhini. Wanawake wanaokuja kuchota wakawa wananizoea. Mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia ndiyo, ila mshahara bado.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hawakuwa na safari. Wasafiri wa kila mwaka ukisimama katikati yao wanakukwepa tu na kuendelea, kama watu wanaowahi gari. Hawa walikunywa maji, wakaruka mpaka migombani, wakarudi. Mmoja alizunguka maua mekundu ya mama mpaka mimi ndiye niliyepata kizunguzungu. Nilimfuata mwingine kwa miguu, nikavuka shamba la kakao la jirani, nikaruka mfereji, na mwisho wa yote akanirudisha palepale bombani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, si ungesema mapema."

Kitu cha pili kilinijia nilipomshika mmoja. Nilimfunika kwa kanga taratibu, nikamtoa kwa vidole viwili, moyo unanipiga kwa kuogopa kumvunja. Alikuwa mzima, na uzima wake ulipita kiasi. Kingo za mabawa zilikuwa kamili, hazina pengo hata moja, na ule unga wao ulibaki mwingi kwenye vidole vyangu. Nikakumbuka wale wanaopumzika kwenye kamba yetu ya nguo kila mwaka mvua ikikaribia. Wale wanafika wamechakaa. Mabawa yamekatika pembeni, yamepauka, mengine unaona mwanga kupitia kwake, kama shati la mtu aliyesafiri juu ya lori la magunia. Huyu niliyemshika alikuwa amevaa nguo ya dukani, haijafuliwa hata mara moja.

Nikamwachia. Akakaa kidogo kwenye mkono wangu, kisha akaenda zake, migombani tena.

Nilipomweleza mama alisikiliza vizuri. "Labda mwaka huu hawakupata upepo mbaya njiani," akasema.

Naye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimejua kwamba hawajachakaa, sikuwa nimejua kwa nini.

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ndiye mwenye ng'ombe wa plau. Ni mtu wa simu sana. Jioni moja alikuja mbio, ng'ombe kamwachia mtu, simu juu.

"Mpelelezi! Njoo uone. Kesi imekwisha. Jamaa yangu mvuvi kanitumia. Vipepeo hao, wametanda ziwa zima!"

Mama akatoka jikoni anapangusa mikono. Tukaweka vichwa vyetu vitatu juu ya kioo kidogo chenye ufa. Kweli, juu ya maji palikuwa na wingu refu, limesimama kama moshi wa tanuri la matofali, linajipinda.

"Unaona?" akasema baba mdogo. "Shemeji, sia mpunga wako. Hata mimi sasa naamini."

Nikamwomba arudie. Nikatazama tena. "Baba mdogo, hao ni vijidudu vya ziwani. Wale wanaoingia masikioni."

"Vijidudu gani? Wewe unajua kuliko simu?"

"Msikilize mvuvi mwenyewe," nikasema, nikaongeza sauti. Nyuma ya picha mvuvi alikuwa anakohoa na kutema mate, analalamika kwa Kikisi kwamba vijidudu vimemjaa mdomoni.

Mama alikaa chini kwenye kizingiti kwa kicheko. Baba mdogo akarudisha simu mfukoni kwa heshima zote. "Basi," akasema, "tuseme kesi inaendelea."

Siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, jirani yetu alisia. Ni mama mmoja anayeishi ng'ambo ya mfereji, mcheshi, mwenye watoto wengi. Alisikia kwamba kapu la mama limeshuka, akaona hiyo inamtosha. Manyunyu kidogo yalikuwa yamedondoka, yale ya kudanganya, yanayotuliza vumbi mchana mmoja na kupotea. Nilimwona akiimba shambani kwake huku mkono unarusha. Nilitamani kwenda kumzuia, lakini ningemwambia nini? Kwamba nimewashika vipepeo mabawa?

Gulio likafika. Lyulilo ni pwani, mitumbwi inafika na vyungu kutoka upande wa Wakisi, vimepangwa ndani kwa majani makavu visigongane, na samaki, na mihogo, na kelele. Mama alinipa ndizi nikauze. Lakini mimi nilikuwa na safari yangu nyingine. Nilikuwa nimewaza kwamba kama vipepeo wetu hutoka upande wa ziwa, basi wa kwanza kuwaona lazima awe mtu anayekaa majini kabla ya jua kupanda.

Kuna mama muuza vyungu ambaye nilikuwa namfahamu kwa sura. Ana sauti kubwa na mikono iliyopauka udongo mpaka viwikoni. Nilipofika alikuwa anagonga chungu kwa kidole kumwonyesha mteja kwamba hakina ufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kikubwa au kidogo?"

"Nina swali kwanza."

"Maswali nauza bei ya chungu kikubwa."

Nikacheka, nikamwekea kichane cha ndizi mbivu mapajani. Akakitazama, akamenya moja. "Haya, uliza."

"Mkija kwenye mtumbwi, vipepeo weupe mmewaona mwaka huu? Wanaovuka?"

Akatafuna kwanza. "Wale abiria wangu? Wale wanapanda bila nauli. Wakichoka wanakaa kwenye midomo ya vyungu, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka mume wangu analalamika mtumbwi umekuwa bustani. Wengine wanakufa humo humo, masikini, tunawakuta kwenye majani tukishusha." Akatikisa kichwa. "Mwaka huu bado. Hata mmoja sijambeba."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, mimi ziwa nalivuka kila gulio. Ningeacha kumwona abiria mweupe aliyekaa mbele ya pua yangu?" Kisha akaniangalia vizuri. "Kwani wewe umewaona?"

"Wako kwetu. Wengi tu."

"Basi hao hawakupitia kwangu," akasema. "Labda mmewazaa wenyewe." Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. "Kikubwa au kidogo?"

Alisema kwa utani. Lakini nilisahau hata ndizi nilizotumwa kuuza. Nilibaki nimesimama katikati ya gulio nikijisemea polepole: mmewazaa wenyewe. Kipepeo hushuka na kunywa popote, lakini kuzaliwa anazaliwa pamoja na chakula chake. Hata mimi wa darasa la saba najua kiwavi lazima ale majani. Sasa majani gani, mwezi wa tisa, wakati kila kitu kimekauka?

Nikauza ndizi zilizobaki kwa haraka na kwa hasara kidogo, nikaanza kurudi kwa miguu, macho juu. Nilitazama kila mti. Watu walionisalimia walidhani nimepoteza ndege. Mikorosho, hapana. Mikakao, hapana. Nikafika kwenye kanisa letu, lile la matofali lenye kisima cha kupampu pembeni, na ndani ya ua wake nikaona vipepeo weupe wamejaa kuliko bombani, wanapanda na kushuka kama watoto waliotoka darasani.

Pale kuna mijohoro. Wanawake wa kanisa waliipanda zamani kidogo, kila mama mmoja na mche wake, kwa ajili ya kivuli na kuni. Mche wa mama yangu ni ule ulio karibu na kisima. Aliumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo mpaka ukawapita wenzake. Na mwaka ule, wakati wa sherehe ya kanisa, akina mama walihitaji kuni za kupikia watu wengi, wakakata matawi yote wakaacha magogo yamesimama kama ngumi. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa jiko. Mijohoro haikasiriki ukiikata. Ilichipua majani mapya, laini, ya kijani kibichi, katikati ya kiangazi, na maji ya kisima yanatiririka chini yake.

Nikasogea. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu jicho likazoea, nikaona kiwavi, kijani kama jani lenyewe, na mstari mweupe ubavuni. Halafu mwingine. Halafu nikagundua kwamba karibu kila kitawi kimeliwa, kimebaki uti. Chini ya majani vilining'inia vifuko vya kijani vyenye ncha, vimefungwa kwa uzi mwembamba kiunoni, na kimoja kilikuwa kimepasuka, na pembeni yake kipepeo amekaa, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa anayakunjua. Sikumgusa. Nilikaa kwenye ukingo wa kisima nikamsubiri mpaka akamaliza, na nilipokuwa namsubiri machozi yakanitoka, sijui kwa nini, maana nilikuwa na furaha. Alikuwa mzuri tu, na hakujua kwamba ametuletea kesi.

Nikamleta mama. Sikumweleza njiani, nilimwambia tu aje. Alisimama chini ya mti wake, akatazama juu, akashika tawi, akaona kiwavi, akaona kifuko, akaona majani yaliyoliwa. Akatazama kisima. Akatazama magogo yaliyokatwa.

"Kuni za wali wa sherehe," akasema mwisho.

"Ndiyo, mama."

"Mti nimepanda mimi. Maji nimemwagia mimi. Panga nimeshika mimi." Akaanza kutabasamu, pole pole, mdomo upande mmoja kwanza. "Kumbe wadudu nimewafuga mwenyewe, halafu nimekwenda bombani nikashangaa, nikasema Mungu kaleta ishara."

"Hata wewe umeleta, mama. Wazuri."

"Nyamaza wewe." Lakini alikuwa anacheka, ameshika gogo la mjohoro asianguke.

Siku hiyo kapu likarudi kwenye kamba yake, chwaaa. Lakini kabla ya kulifunga mama alivuka mfereji kwa jirani. Mbegu ya jirani ilikuwa imeota kwa yale manyunyu, majani membamba kama sindano, na jua lilikuwa tayari linayachoma ncha. Mama hakujua aanzie wapi. Jirani ndiye aliyeanza: "Usiseme, mama mwenzangu. Nimeona. Nilikufuata wewe, na wewe ulifuata vipepeo, na vipepeo walifuata wali wa kanisa." Walicheka wote wawili, kicheko cha watu wanaojua hasara. Mama akarudi, akafungua kapu, akapima kwa mikono, akampelekea jirani sehemu. "Ndaga fijo," nilisikia jirani akisema, mara nyingi, asante sana, asante sana. Kapu letu lilipopanda tena juu, lilikuwa jepesi, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Sasa tukawa tumebaki na swali lingine, na mama hakulificha. Tulikuwa tunakunja nguo.

"Na kama wale wenyewe hawaji?" akaniuliza. "Mwaka jana walikuja sisi hatupo. Mwaka huu tupo. Wasipokuja je? Au waje wajichanganye na hawa wa kwetu, tusiwajue?"

"Nitawajua, mama."

"Utawajuaje?"

"Nguo zao zimechakaa."

Alinitazama hivi, shati mkononi, kama anayenipima urefu.

Mwezi wa kumi ukapita, vipepeo wa mijohoro wakapungua, majani yakakomaa. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, joto likakaa juu ya vichwa vyetu kama mfuniko. Redio ikasema mvua ziko njiani, ikasema tena huenda zikachelewa. Majirani wakaanza kusia, mmoja mmoja, kila mtu na imani yake. Mama hakusia. Nikimtazama naona anavyojizuia, anavyolitazama kapu kila akikoka moto, na najua kwamba mwaka jana unamng'ata. Kila asubuhi ananiuliza, "Vipi huko?" nami najibu, "Bado," kama mlinzi wa zamu.

Ndipo dada yangu akajifungua. Simu ilitoka Kasumulu, mtoto wa kike, mzima, lakini mama yake hana nguvu, na shemeji yuko mpakani na mizigo kutwa. Mama akafunga vitenge na unga wa uji. Baba mdogo akaja na bodaboda ya rafiki yake kumpeleka stendi. Nikadhani ataniachia maagizo marefu, kuku, mbuzi, jikoni. Akaniachia moja tu, ameshakaa nyuma ya pikipiki.

"Wakija, usinipigie kuniuliza."

"Mama, konzi ya kwanza ni yako."

"Mimi niliwaona bombani nikasema ndio wao," akasema. "Wewe ndiye uliyewatazama mabawa." Halafu akampiga baba mdogo begani. "Twende, kabla sijabadilisha mawazo."

Nikabaki peke yangu na nyumba. Siku za kwanza nilikuwa naamka na hofu, natazama kamba ya nguo kabla hata ya kunawa uso. Ilikuwa tupu. Nilifua kila siku, hata visivyo vichafu, ili kamba isikae bila kitu cha kukaliwa.

Asubuhi waliyokuja haikuwa na alama yoyote. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Ukinga ilikuwa na ukungu kiunoni. Nilikuwa naanika shuka. Kitu kikapita karibu na sikio langu, kikaenda. Kikapita kingine. Nikageuka upande wa maji, nikaona wanakuja juu ya mchanga, chini chini, mmoja, watatu, halafu huwezi tena kusema wangapi. Hawakuzunguka maua ya mama. Hawakushuka bombani. Walinikuta nimesimama na shuka, wakapita kulia kwangu na kushoto kwangu, wakaendelea kuelekea Rungwe, kila mmoja na haraka yake ya kimya.

Mmoja akakaa kwenye shuka. Nikasogea polepole nikamwinamia. Bawa moja lilikuwa limekatika pembeni, limebaki kama jani lililoliwa. Lile lingine lilikuwa limepauka, nikaona nyuzi za shuka kupitia kwake. Alikuwa anahema, au mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nikamwambia karibu. Akapumzika kidogo, kisha akaondoka kuwafuata wenzake.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.

Niliingia jikoni, nikapanda kwenye kigoda, nikafungua kamba. Kapu likashuka, chwaa, nyepesi. Nikalibeba kichwani mpaka shambani, ambako baba mdogo alikuwa ameshalima, udongo umevunjika vizuri. Hapakuwa na mtu, hata tetere. Nilivua kandambili nikaziacha kwenye tuta. Nikachukua punje moja nikaitafuna. Ilikuwa ngumu, kavu, ikapasuka tk, na ule utamu wa wali ukaja baadaye, kwa mbali. Kisha nikatia mkono kwenye kapu, ndevu za mpunga zikanichoma kiganjani, nikageukia kule walikokuwa wanaelekea, nikatupa konzi ya kwanza.